Padri Lemaître Aulizwa juu ya Mwanzo wa Ulimwengu

Tarehe 14 Februari 1964, televisheni ya Waflama wa Ubelgiji ilionyesha mazungumzo ya dakika 20 hivi baina ya mwandishi wake, Bwana Jerome Verhaeghe, na padri mmoja mwenye umri wa miaka 69. Padri huyo alikuwa Monsinyori Georges Lemaître, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Louvain. Alisema kwa Kifaransa, na maneno ya Kiflama yakaandikwa chini ya picha. Mazungumzo yakaisha, watazamaji wakaenda zao, na filimu ikapelekwa ghalani. Humo ghalani ikapotea.

Haikuibwa wala haikuungua. Iliwekwa katika fungu lisilo lake, na jina la padri likaandikwa kwa makosa. Basi kila aliyeitafuta kwa jina lililo sahihi hakuiona. Kwa muda wa miaka karibu 60 watu walidhani kwamba kimebaki kipande kifupi tu cha dakika chache. Mwishoni mwa mwaka 2022 watunzaji wa ghala waliiona filimu, wakaitangaza kwa watu wote. (Makarani wa parokia zetu, mwandikao majina ya wabatizwa upesi upesi kwa sababu foleni ni ndefu, mnaona jinsi herufi moja iwezavyo kumficha mtu.)

Mwaka 2023 wataalamu watatu waliandika maneno yote ya mazungumzo yale kwa Kifaransa, wakayafasiri kwa Kiingereza. Wa kwanza ni Bibi Satya Gontcho A Gontcho, mwanafizikia. Wa pili ni Padri Paul Gabor, Mjezuiti. Na wa tatu ni Padri Jean-Baptiste Kikwaya Eluo, Mjezuiti pia, mwana wa Kongo yetu, ambaye kazi yake katika Kituo cha Vatikano cha kutazama nyota ni kuchunguza vimondo na mawe yazungukayo jua. Hivyo maneno ya Monsinyori Lemaître yameufikia ulimwengu wa leo kwa mkono wa Mkongo, na jambo hili latupa haki ya kuyasoma kama yametumwa kwetu.

Wala hatuyasomi kwa udadisi mtupu. Kila mwalimu wa shule ya sekondari alijua swali lenyewe kabla halijatamkwa. Mwanafunzi husimama nyuma ya darasa, ameshika kitabu cha fizikia, akasema: Mwalimu, hapa wameandika kwamba ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8, nasi katika katekisimu tulijifunza siku sita, tusadiki lipi? Mmoja huuliza akitetemeka, maana anaogopa kwamba imani ya mama yake inavunjika mbele ya macho yake. Mwingine huuliza akitabasamu, maana ameshaamua. Nasi walimu, tusiopenda kushindwa mbele ya watoto, tunayo majibu mawili ya kukimbilia. La kwanza ni kumwambia akae chini. La pili ni tamu zaidi, nalo huwafurahisha hata wazazi: kusema kwamba wataalamu wenyewe wamegundua kuwa ulimwengu ulikuwa na mwanzo, kwa hiyo sayansi imethibitisha sura ya kwanza ya Kitabu cha Mwanzo, na habari imekwisha.

Kama kuna mtu duniani aliyekuwa na haki ya kutoa jibu hilo la pili, mtu huyo ni Georges Lemaître. Ndiye aliyetangulia kutoa nadharia ya mwanzo huo. Alikuwa padri. Naye alikataa kulitoa.

Alizaliwa Charleroi tarehe 17 Julai 1894, katika nchi ya migodi ya makaa ya mawe, akasoma kwa Wajezuiti wa mji ule. Mwaka 1911 aliingia Louvain kujifunza uinjinia. Vita ya 1914 ikamtoa darasani. Akawa askari wa mizinga, akapewa nishani kwa ushujaa wake. Vita vilipokwisha aliacha uinjinia, akapata udaktari wa hesabu mwaka 1920, na mwaka ule ule akaingia seminari ya Malines. Kardinali Mercier alimpa daraja takatifu ya upadri mwezi Septemba 1923. Watu wengi wangedhani kwamba huo ndio mwisho wa hesabu. Lakini Kardinali hakuona sababu ya kumnyima padri akili aliyopewa na Mungu, na mwezi uleule kijana huyo alikuwa njiani kwenda Cambridge, Uingereza, kwa bingwa wa nyota Arthur Eddington. Kisha Harvard, Marekani. Mwaka 1925 alirudi Louvain kufundisha, wala hakuiacha tena.

Mwaka 1927 aliandika makala katika gazeti la chama cha sayansi cha Bruxelles, gazeti lisilosomwa sana nje ya Ubelgiji. Humo alitumia hesabu za Einstein juu ya uvutano, akaziunganisha na vipimo vya wale waliokuwa wakitazama makundi makubwa ya nyota yaliyo mbali nasi, yale yaitwayo galaksi. Alionyesha kwamba ulimwengu wote unatanuka, na kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali, ndivyo inavyokwenda mbali kwa mwendo mkubwa zaidi. Mama akandaye unga wa mkate na kutia njugu ndani yake aweza kuliona jambo hili mezani pake. Chachu ikifanya kazi, unga huumuka, na kila njugu huachana na jirani zake. Zile zilizo karibu huachana polepole, zile zilizo mbali huachana upesi. Njugu hazitembei: ni unga unaotanuka. Mrusi Alexander Friedmann alikuwa amepata hesabu za namna hiyo mwaka 1922, lakini alikufa 1925, na Lemaître hakuwa na habari zake.

Mwaka ule ule wa 1927 Einstein alikuja Bruxelles kwa mkutano wa Solvay. Padri kijana akamfikia, wakaongea wakitembea. Einstein alimjibu kwamba hesabu zake ni sahihi, lakini kwa upande wa fizikia wazo lenyewe halivumiliki. Ni jibu gumu kwa mtu wa miaka 33, likitoka kinywani mwa mwenye kusifiwa kuliko wote. Lemaître hakubishana, wala hakulia magazetini. Miaka miwili baadaye, mwaka 1929, Mmarekani Edwin Hubble alitangaza vipimo vyake vya galaksi, na Einstein mwenyewe akayageuza mawazo yake baadaye. Kwa muda mrefu kanuni ile iliitwa kwa jina la Hubble peke yake. Mwezi Oktoba 2018 wanachama wa umoja wa wanaastronomia wa ulimwengu walipiga kura, na sasa inapendekezwa iitwe kanuni ya Hubble na Lemaître.

Padri hakukoma hapo. Kama ulimwengu unatanuka, basi jana ulikuwa mdogo kuliko leo, na juzi mdogo kuliko jana. Turudi nyuma mpaka wapi? Tarehe 9 Mei 1931 gazeti la Kiingereza Nature lilichapisha barua yake fupi sana. Alisema humo kwamba yawezekana vitu vyote vilivyopo vilianza katika kitu kimoja, kama atomu moja kubwa iliyopasuka-pasuka, na kwamba nafasi na wakati wenyewe vilianza kuwa na maana baada ya mpasuko huo.

Hapo pana jambo dogo ambalo mimi naliona kubwa kuliko barua yenyewe. Karatasi aliyoiandika kwa mashine imehifadhiwa, na mwishoni mwake mlikuwa na fungu jingine, lisilochapishwa kamwe. Katika fungu hilo alisema kwamba kila amwaminiye Mungu mwenye kushika vitu vyote huamini pia kwamba Mungu huyo amefichika, na aweza kufurahi kuona jinsi fizikia ya siku hizi inavyoweka pazia mbele ya uumbaji. Ni maneno mazuri, maneno ya mtu wa sala. Kabla ya kuituma barua, alichukua kalamu akalifuta fungu lote kwa mistari. Hakuyafuta kwa kuwa ameacha kuyasadiki. Aliona tu kwamba mahali pake si katika barua ya fizikia.

Wengi hawakulipenda wazo lake, na wengine walilichukia kwa sababu tu lilitoka kwa mvaa kanzu. Walinong'ona kwamba padri huyu ameingiza Kitabu cha Mwanzo katika maabara kupitia mlango wa nyuma. Mshindani wake mkubwa alikuwa Mwingereza Fred Hoyle. Mwaka 1948 yeye, pamoja na Hermann Bondi na Thomas Gold, walitoa nadharia nyingine: ulimwengu unatanuka, ndiyo, lakini hauna mwanzo wala mwisho; maada mpya, yaani hidrojeni, huzuka kidogo kidogo hapa na pale na kuzijaza nafasi zinazoachwa, hata sura ya ulimwengu haibadiliki kamwe. Tarehe 28 Machi 1949, akisema katika redio ya BBC, Hoyle aliiita nadharia ya upande wa pili kwa Kiingereza Big Bang, yaani Mlio Mkubwa, na jina hilo likashika mpaka leo, ingawa halikutoka kwa mwenye nadharia. Watu hawa wawili, hata hivyo, hawakuwa adui. Waliwahi kusafiri pamoja kwa gari nchini Italia.

Redio hiyo ya BBC yastahili tukae nayo kidogo, maana tarehe 28 Januari 1948 ilikuwa imewaleta mbele ya kipaza sauti watu wawili wengine, kuongea juu ya kama Mungu yuko. Mmoja alikuwa Padri Frederick Copleston, Mjezuiti, mwandishi wa historia ndefu ya falsafa. Wa pili Bertrand Russell, mwanafalsafa asiyeamini. Copleston aliuliza: kila kitu tukionacho kimepata kuwapo kwake kutoka kwa kingine; je, jumla ya vitu hivi haihitaji chanzo kisichopewa kuwapo na kingine? Russell alijibu kwamba haoni haja ya swali hilo. Ulimwengu upo, basi. Hakuna aliyemgeuza mwenziwe. Mimi naona mazungumzo yale yalifaa sana, kwa sababu moja: kila mmoja alimsikiliza mwenzake mpaka mwisho wa wazo, akalirudia wazo hilo kwa haki kabla ya kulipinga. Na tuangalie vema, Copleston hakutaja galaksi hata moja kuwa ushahidi wake. Hoja yake ilikuwa ya falsafa, na alijua yuko katika shamba gani.

Turudi sasa katika chumba cha televisheni, mwaka 1964.

Wakati ule ugomvi wa nadharia mbili ulikuwa haujakatwa. Lemaître aliulizwa kwanza juu ya Hoyle. Alianza mbali, kama wafanyavyo wazee wajuao kwamba jibu bila chanzo lake halishiki. Alieleza kwamba zamani, kabla ya habari ya kutanuka, watu walitazamia ulimwengu uliotulia, usiobadilika. Hakuna aliyekuwa amelipima jambo hilo. Lilikuwa wazo walilolileta wenyewe kabla ya kutazama. Kisha vipimo vikaja, na kutanuka kukaonekana, na wazo lile likapaswa kuachwa. Kwa maoni yake, nadharia ya Hoyle ilikuwa ni jitihada ya kuokoa kile kilichoweza kuokolewa cha ule utulivu wa zamani. Na gharama yake ni kubwa: lazima kukubali hidrojeni itokeayo pasipo kutoka mahali popote. Alisema hayo bila kumdharau Hoyle na bila kupandisha sauti.

Kisha akaeleza mwanzo jinsi yeye alivyouona: si gesi iliyotulia ikijaza nafasi kwa usawa, bali mpasuko wa vitu vyote, na baada yake nafasi itanukayo iliyojaa mionzi yenye nguvu kubwa ikienda pande zote. Kutoka huko, kwa njia ambazo alikiri kwamba hawezi kuzifuata kwa urefu, yalipatikana mawingu ya gesi, kisha nyota na galaksi. Mtu aliyeisomea habari hii miaka 40 alisema mbele ya watazamaji wote mahali ambapo ujuzi wake unakoma.

Ndipo likaja swali la dini. Je, nadharia hizi mbili, moja yenye mwanzo na nyingine isiyo na mwanzo, zina uzito gani kwa imani? Lemaître alijibu kwamba haitetei atomu yake ya kwanza kwa nia yoyote ya dini iliyofichwa nyuma yake. Akaeleza kwamba mwanzo asemao yeye ni hali isiyoweza kuwazika, iliyo tofauti kabisa na ulimwengu tuuonao, hata swali kama lile la kuwekea imani tegemeo halizuki hapo.

Jibu hili huenda likamkasirisha Mkristu mwema. Atasema: Padri, ulikuwa na mkuki mkononi, mbona hukuutupa? Lakini tufikiri. Kama imani yetu yasimama juu ya nadharia ya 1931, itakuwaje siku nadharia ikirekebishwa? Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha katika karne ya 13 kwamba akili peke yake haiwezi kuhakikisha kuwa ulimwengu ulikuwa na mwanzo. Hilo twalijua kwa ufunuo. Na alifundisha tena kwamba hata ulimwengu usio na mwanzo ungemhitaji Mungu kila dakika ili uwepo. Kuumba si kusukuma kitu mara moja kisha kuondoka, kama mtoto asukumaye gurudumu mteremkoni. Kabla yake Mtakatifu Augustino, katika maelezo yake juu ya Kitabu cha Mwanzo, aliwaonya Wakristu wasiseme upuuzi juu ya nyota na dunia mbele ya wasioamini wazijuao habari hizo, kwani wale wakisikia makosa yetu katika mambo wayajuayo, watatusadiki vipi juu ya ufufuko wa wafu? Lemaître alikuwa amewasoma wazee hawa kule Malines. Hakuwa padri mwoga. Alikuwa padri aliyesoma.

Tena hakuanza kusema hivyo mbele ya kamera. Mwaka 1933 mwandishi wa gazeti la New York Times alikuwa amekwisha kumhoji kwa urefu, naye akaeleza kwamba aliona njia mbili za kuufikia ukweli, akaamua kuzifuata zote mbili; na kwamba Biblia haikuandikwa kufundisha sayansi, bali wokovu.

Jaribu lenyewe lilikuja mwaka 1951, na lilikuja kutoka juu. Tarehe 22 Novemba, Baba Mtakatifu Pius XII, aliyeipenda sana elimu ya nyota, aliiambia Akademia ya Sayansi ya Vatikano kwamba sayansi ya leo yaonekana kuwa imeweza kushuhudia ile saa ya kwanza Mungu aliposema nuru iwe. Magazeti ya dunia yakalitangaza neno hilo kwa furaha. Lemaître, ambaye tangu 1936 alikuwa mwanachama wa Akademia hiyo, hakufurahi. Aliona hatari mbili: nadharia yake, ambayo bado ilikuwa dhana yenye kujadiliwa, ingeonekana kuwa mali ya Kanisa, na wataalamu wasioamini wangeikimbia, na imani ingefungwa kamba moja na dhana. Alifanya nini? Hakuandika makala ya kumpinga Baba Mtakatifu. Alifika Roma, akaongea na Padri Daniel O'Connell, Mjezuiti mkuu wa kituo cha nyota cha Vatikano. Tarehe 7 Septemba 1952 Baba Mtakatifu alihutubia mkutano mkubwa wa wanaastronomia huko Roma, na mara hii hakulirudia lile neno la mwaka uliotangulia. Mwana alisema na baba kwa adabu, nyumbani, na baba akasikia. Mwaka 1960 Papa Yohane XXIII alimweka Lemaître awe rais wa Akademia ile ile.

Sasa tuiangalie tena filimu na ule urefu wake. Hakuna hata moja la mambo haya ambalo lingeingia katika nusu dakika. Kata jibu la padri mwanzoni, nawe utapata habari kwamba padri mkatoliki amegundua mwanzo wa ulimwengu. Likate mwishoni, nawe utapata habari kwamba padri mkatoliki asema sayansi haina haja na Mungu. Zote mbili zingeenea, na zote mbili zingekuwa uongo uliotengenezwa kwa maneno ya kweli. Leo vijana wetu hupokea katika simu zao vipande vya namna hiyo mchana kutwa: neno moja la askofu, neno moja la daktari, neno moja la mwanasiasa, bila swali lililolitangulia. Katika baraza za wazee wetu jambo hili lilikuwa fedheha. Mgeni mwenye neno kubwa alipewa kiti, akapewa maji, na hakuna aliyemkatiza. Maswali yalikuja baadaye, moja moja, na mwenye kuuliza alitazamiwa kulirudia neno la mgeni ili ionekane kwamba amelisikia. Bwana Verhaeghe, nadhani, angekaribishwa barazani. Aliuliza, akanyamaza.

Mwezi ule wa Februari 1964 sisi huku Kongo tulikuwa na masikio mahali pengine. Maasi ya Kwilu yalikuwa yamewaka tangu Januari, na familia nyingi zilikuwa zikikimbilia msituni. Televisheni ya Ubelgiji ilikuwa kitu cha kusimuliwa tu. Hata hivyo mti wa Louvain ulikuwa umekwisha kupandwa kwetu. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 juu ya kilima cha Kimwenza, karibu na Léopoldville iitwayo leo Kinshasa, kikiwa mwana wa chuo kile kile alichofundisha Lemaître, na jina lake ni lile la Louvain kwa Kilatini. Rekta wake, Monsinyori Luc Gillon, alikuwa naye padri na mwanafizikia, na mwaka 1959 walianza kutumia huko tanuri la nguvu ya atomu, la kwanza katika Afrika nzima. Mwaka 1971 serikali ilikiunganisha chuo na vingine, na leo mahali pale ni Chuo Kikuu cha Kinshasa. Mwanafunzi wa Bukavu au Kisangani adhaniye kwamba padri na maabara ni vitu visivyokaa nyumba moja hajui kwamba nchini mwake viliishi juu ya kilima kimoja.

Ugomvi wa nadharia mbili haukukatwa katika mazungumzo wala katika mahubiri. Ulikatwa na kelele. Katika mwaka uleule wa 1964, huko New Jersey, Marekani, wataalamu wawili, Arno Penzias na Robert Wilson, walikuwa na antena kubwa mfano wa pembe, nayo ilikuwa ikitoa mvumo mdogo usiokoma. Waliielekeza huku na huku, mvumo ulikuwa ule ule. Waliona njiwa wamefanya kiota ndani yake. Wakawaondoa njiwa, wakasafisha kinyesi chao, na mvumo ukabaki. Mwaka 1965 walitangaza vipimo vyao, na wataalamu wengine wakaeleza maana yake: ni joto lililosalia la ulimwengu ulipokuwa mchanga, lililopoa kwa kutanuka hata limebaki digrii chache tu juu ya baridi ya mwisho. Mwaka 1978 wawili hao walipewa nishani ya Nobel. Ulimwengu wa Hoyle, usiobadilika kamwe, haukuwa na mahali pa kuliweka joto hilo. Lemaître alikuwa ameyatafuta majivu ya moto wa kwanza kwa miaka mingi, naye alidhani ni ile mionzi ikali ipigayo dunia kutoka angani. Katika hilo hakupata. Majivu yalikuwapo, lakini mengine.

Alikuwa mgonjwa hospitalini, huko Louvain, wakati habari hiyo ilipomfikia. Aliyemletea alikuwa Odon Godart, msaidizi wake wa zamani, mwezi Juni 1966. Monsinyori Lemaître aliisikia, akaielewa. Alikufa tarehe 20 ya mwezi huo.